Mcheza Kwao Hutunzwa: Namna ya Kumuenzi Mwandishi Mkongwe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa sana katika hafla za kuwapongeza wasanii, na aghalabu hufahamika kwa maana moja tu, yaani kwamba mtu aliyefanya vyema mbele ya watu wake hupewa zawadi. Lakini neno kutunza lina maana mbili zinazokwenda sambamba. Kutunza ni kumpa mchezaji kitu cha kumpongeza palepale uwanjani, ngoma ikiwa bado inalia. Kutunza, vilevile, ni kuhifadhi: mama hutunza mbegu za mtama ndani ya kilindo ili zisiliwe na wadudu, na mwaka unaofuata azipande tena. Jamii inayojua thamani ya msanii wake humfanyia yote mawili.

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba katika kuwaenzi waandishi wetu wakongwe tumekuwa hodari wa maana ile ya kwanza na wavivu wa maana ya pili. Aidha, yatajaribu kuonyesha kwamba kasoro hiyo yaweza kuondolewa na shule zetu zenyewe, kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mfano mkuu utakaotumika ni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, ambaye jina lake linajulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi na ambaye maandishi yake yanajulikana kwa wachache sana.

Hafla na Kitabu

Tuitazame kwanza ratiba ya kawaida ya sherehe ya kumuenzi mwandishi. Wanafunzi hupangwa uwanjani tangu saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi huwasili saa tano. Kwaya huimba, ngoma huchezwa, na ngonjera ya kumkaribisha mgeni hutolewa na watoto waliovaa sare safi. Risala husomwa, nayo hujibiwa. Picha hupigwa, kisha chakula huliwa. Jina la mwandishi hutajwa mara nyingi mno, na kila mara hufuatana na sifa zilezile: gwiji, nguli, bingwa, taa ya taifa. Kitu kimoja tu hakionekani uwanjani, nacho ni kitabu. Hakuna aliyekifungua na kuwasomea watu ukurasa mmoja. Mwanafunzi aliyesimama juani kwa muda wote huo hurudi nyumbani akijua kwamba mwandishi yule alikuwa mtu mkubwa, asijue alisema nini.

Sisemi kwamba sherehe ni mbaya. Watu wetu hawajapata kumheshimu mtu kimyakimya. Harusi, matanga, jando na mavuno yote yana ngoma yake na chakula chake, na si haki mwandishi peke yake anyimwe shangwe. Lakini mwandishi anatofautiana na watu wengine wanaoenziwa. Mkimbiaji akistaafu, mbio zake zimekwisha, nasi hatuna budi kuzisimulia tu. Jemadari akifariki, vita vyake vimekwisha. Mwandishi hata akifariki, kazi yake bado iko tayari kutendeka mbele yetu upya, ilimradi pawepo mtu wa kuisoma. Kumsifu mwandishi bila kumsoma ni sawa na kumsifu mpishi huku chungu kimefunikwa.

Mara nyingine heshima yenyewe humficha mwandishi. Mjini Arusha kuna uwanja mkubwa wa michezo uitwao Sheikh Amri Abedi. Maelfu ya watu wameingia humo kutazama mpira. Ni wangapi kati yao wanaojua kwamba mwenye jina hilo, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho mwalimu wa kila aliyetaka kujifunza vina na mizani? Kadhalika jijini Dar es Salaam kuna mtaa na shule vyenye jina la Shaaban Robert. Mtu aweza kupita katika mtaa huo kila siku ya kazi mpaka akastaafu, asisome hata sura moja ya Kusadikika. Katika mambo kama haya jina limetunzwa vyema, lakini mtunzi hakutunzwa.

Mifano ya Kutunza

Hapana haja ya kukata tamaa, maana mifano ya namna bora ipo, na wa kwanza umo humu humu katika fasihi yetu. Shaaban Robert alipotaka kumuenzi Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, hakuishia katika kumsifu kwa maneno ya barazani. Aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Yaani msanii mmoja alimtunza msanii mwingine kwa kutenda kazi ya sanaa. Sauti ya Siti ilibaki katika santuri, na maisha yake yakabaki katika kitabu kinachosomwa mpaka leo.

Mfano wa pili watoka China. Ba Jin, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 2005, ni mmoja wa waandishi wa riwaya waliopendwa mno katika nchi hiyo. Riwaya yake iitwayo Jia, maana yake Nyumba au Ukoo, ilitoka kama kitabu mwaka 1933, ikaeleza namna vijana walivyokandamizwa na mila za wazee wao. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alidhalilishwa na kazi zake zikapigwa marufuku. Alipokuwa mzee, na heshima zikaanza kumjia kwa wingi, yeye hakuomba sanamu. Mwaka 1981 alipendekeza nchi yake ianzishe jumba la kuhifadhi fasihi ya zama hizi, akatoa fedha zake mwenyewe, pamoja na vitabu na miswada yake. Jumba hilo likafunguliwa Beijing mwaka 1985. Mzee huyu alifahamu jambo ambalo wengi wetu hatujalifahamu. Yeye aliyekwisha kuona maandishi yakipigwa marufuku alijua kwamba makofi hayahifadhi karatasi. Aliigeuza heshima yake mwenyewe kuwa ghala la kazi za wenzake wote.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Tarehe 7 Oktoba 1947 wala 1957 hapakuwa na Mtanzania wala Mzanzibari aliyetangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Jambo hilo lilitukia tarehe 7 Oktoba 2021, alipotangazwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948. Furaha ilikuwa kubwa, na mijadala nayo ilikuwa mingi: je, ni wetu au ni wa Uingereza alikoishi tangu ujana wake? Katika kelele hizo palitokea kazi moja iliyofaa kuliko hotuba nyingi. Mwaka 2022 riwaya yake Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ilichapishwa na Mkuki na Nyota kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kabla ya hapo msomaji asiyejua Kiingereza aliweza kujivunia Gurnah tu. Baada ya hapo aliweza kumsoma, na hata kubishana naye. Hiyo ndiyo tofauti ya kutuza na kutunza.

Hapa nyumbani tunayo sasa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku inayokumbusha kuzaliwa kwa Mwalimu mwaka 1922. Ni jambo la kheri, nalo limewatia moyo waandishi wengi wanaochipukia. Lakini tuzo ya miswada hutazama mbele. Mwandishi aliyekwisha kufariki hawezi kuwasilisha mswada. Kwake yeye hatuna budi kuwa na utaratibu mwingine, na utaratibu huo ndio tunaoutafuta.

Mnyampala wa Ihumwa

Mathias Mnyampala alizaliwa Novemba 1917 katika eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya wakoloni yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo, na njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya ikaanza kuwaangamiza watu. Alichunga ng'ombe utotoni, akapata elimu kwa njia ya misheni, kisha akatumika katika ualimu, ukarani na uhakimu. Alifariki Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51 tu.

Kwa miaka hiyo michache aliandika mambo mengi. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwaka 1961 alitoa Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, hadithi ya nathari. Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala. Aliandika pia tenzi zenye asili ya Maandiko Matakatifu, kwa kuwa alikuwa Mkristo wa Kikatoliki aliyeuchukua utenzi, sanaa iliyokuzwa na Waislamu wa pwani, akauingiza katika dini yake bila kuona haya. Hatimaye zikaja Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, ambazo mwenyewe hakuwahi kuziona zikitoka kiwandani.

Tukitafakari orodha hiyo, twaona jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kufundishwa juu yake. Huyu ni mtu ambaye lugha ya kwanza aliyoisikia ni Kigogo, katika nchi kame ya mibuyu na miiba, mbali na bahari. Wakati wake palikuwa na watu wengi walioamini kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya pwani, na kwamba mtu wa bara aweza kuusikiliza lakini hawezi kuutunga. Mnyampala hakujibu dhana hiyo kwa manung'uniko. Alijifunza sheria za vina na mizani mpaka akazimiliki, akawa mmoja wa viongozi wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mwaka 1976, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipoiita diwani yao Malenga wa Bara, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa na mchunga ng'ombe wa Ihumwa pamoja na wenzake.

Mtoto wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi au Manyoni asiyejua habari hizi hupata hasara kubwa. Hukua akiamini kwamba vitabu hutungwa mahali pengine, na watu wa namna nyingine, na kwamba kazi yake yeye ni kukariri. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba suala la kumuenzi Mnyampala si suala la adabu kwa marehemu tu. Ni suala la mtoto aliye hai.

Wageni, kwa upande wao, wamefanya kazi. Mwaka 1995 kitabu chake cha historia ya Wagogo kilitoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox. Mwaka 2013 Mathieu Roy alimwandikia tasnifu ya udaktari huko Paris. Yafaa tuwashukuru wataalamu hao, maana wametunza pale ambapo sisi tulituza. Lakini haitapendeza kama mtoto wa Ihumwa atalazimika kujifunza Kifaransa ili amjue jirani wa babu yake.

Ngonjera Zihakikiwe

Nimesema kwamba kumuenzi mwandishi ni kumsoma. Sasa niongeze kwamba kumsoma ni pamoja na kumhakiki. Watu wengine huona kwamba siku ya sherehe si siku ya kutaja udhaifu. Rai hiyo yatoka katika adabu njema, lakini haiafikiani na jadi ya ushairi wetu. Katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi walikuwa wakiulizana, wakijibizana na kukosoana kwa beti. Yaelekea kwa washairi wale kujibiwa kulikuwa heshima, na kunyamaziwa ndiko kulikokuwa tusi. Basi natumuenzi Mnyampala kwa desturi ya wenzake mwenyewe.

Ngonjera, kama alivyozikuza, ni majibizano ya kishairi baina ya watu wawili au zaidi, yaliyokusudiwa kutolewa mbele ya watu kwa sauti na kwa vitendo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawataka wayapeleke mafundisho ya Azimio kwa wananchi. Mnyampala aliitikia wito huo kwa nguvu zake zote, akaona kwamba katika nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma, shairi la kukaa kitabuni lisingefika mbali. Alilitoa shairi kitabuni, akaligawa katika vinywa vya watoto wa shule, akalipeleka uwanjani. Huo ulikuwa uvumbuzi wa kweli, na kila tukisikia ngonjera katika sherehe yoyote ya kijiji au ya taifa, twaisikia kazi ya mikono yake.

Pamoja na sifa hiyo, ngonjera za namna ile zina udhaifu ambao mwanafunzi makini atauona. Katika majibizano yake mara nyingi mmoja hajui na mwingine anajua. Asiyejua huuliza, au hupinga, ajuaye hueleza, na mwishoni asiyejua hukiri kwamba ameelimika. Msikilizaji huyajua matokeo tangu ubeti wa mwanzo. Mpinzani hakupewa hoja yenye uzito, amepewa ujinga tu, na ujinga haushindani na maarifa, hungoja kuondolewa. Kwa sababu hiyo majibizano hayawi malumbano kamili. Yanakaribia kuwa somo lililogawanywa kwa sauti mbili. Washairi wa kizazi kilichofuata, kama Euphrase Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974, waliulaumu ushairi wa zamani kwa kufungwa na vina na mizani, na mabishano hayo yalichukua miaka mingi. Kwa maoni yangu, lawama hiyo haikugusa kiini cha udhaifu wa ngonjera. Vina havikumzuia mpinzani kusema. Kilichomzuia ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla hajafungua kinywa.

Tuupime udhaifu huu kwa jambo lililotokea hapa hapa. Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, ambayo iliwatoa wananchi wengi wa Ugogo katika makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka katika vijiji. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapatia shule, zahanati na maji. Lakini mzee wa Kigogo aliyeiacha tembe yake naye alikuwa na sababu zenye uzito. Katika nchi hii mvua hunyesha bonde moja ikaliruka la pili. Ng'ombe wengi wakikaa mahali pamoja humaliza malisho na kuichosha ardhi. Kwa hiyo mwenye busara aliwagawa ng'ombe wake kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga upande mmoja, wa upande wa pili wasalimike. Kutawanyika kwake hakukuwa ujinga. Yalikuwa maarifa yaliyopatikana kwa kufiwa na mifugo na watu katika njaa kama Mtunya.

Mnyampala alifariki miaka miwili kabla ya operesheni hiyo, na hatuna haki ya kumsemea. Lakini tunaweza kuuliza: katika ngonjera za namna ile, mzee huyu angepewa nafasi gani? Yaelekea angepewa nafasi ya asiyejua, akaulize na kuelimishwa. Na hapa ndipo ajabu ilipo. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kumpa mzee huyu hoja zake zote alikuwa Mnyampala mwenyewe. Ndiye aliyekwisha kuandika, mwaka 1954, juu ya asili za koo za Wagogo na mila zao, akaonyesha kwamba Wagogo ni watu waliotokana na koo zilizokuja kutoka pande nyingi, wakaungana kwa kuishi pamoja katika nchi ngumu. Mnyampala wa mwaka 1954 alimsikiliza mzee. Mnyampala wa ngonjera alikuwa na haraka ya kumfundisha. Wote wawili ni mtu mmoja, na ukubwa wake hauonekani mpaka tuwasome pamoja.

Uhakiki wa namna hii haumpunguzii heshima. Mwandishi ambaye vitabu vyake viwili vyaweza kubishana miaka zaidi ya 50 baada ya kufariki kwake ni mwandishi aliye hai. Anayemsifu tu kuwa ni baba wa ngonjera amemzika mara ya pili.

Shule Zifanye Nini

Sasa tuyageukie matendo. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia kwa vitendo, hata mwaka 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji. Wizara ziko hapa, Bunge liko hapa, chuo kikuu kiko hapa. Ihumwa ya mchunga ng'ombe sasa imo katika mipaka ya shughuli za jiji. Kama kuna mahali panapostahili kutoa mfano kwa taifa wa namna ya kumtunza mwandishi, ni hapa. Hata hivyo sipendekezi tusubiri jengo wala bajeti kubwa. Napendekeza mambo manne, ambayo shule yoyote ya sekondari ya uwanda huu yaweza kuyaanza.

Kwanza, kitabu kitangulie sherehe. Kabla ya kuandika barua ya kumwalika mgeni rasmi, mwalimu wa Kiswahili ahakikishe kwamba angalau nakala moja ya kitabu cha mwandishi imepatikana, iwe katika maktaba, iwe kwa mstaafu aliyeihifadhi sandukuni. Ikiwa ni moja, isomwe kwa sauti, kipindi baada ya kipindi, darasa zima likisikiliza. Wazee wetu walizipokea tenzi ndefu kwa masikio, na hawakuzielewa kwa upungufu. Isipopatikana kabisa, sherehe iahirishwe, na juhudi za siku ile zigeuzwe kuwa juhudi za kutafuta.

Pili, siku ya sherehe iwe siku ya kusoma. Wanafunzi wapewe nafasi ya kwanza katika ratiba, si ya kujaza muda mgeni anapochelewa. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, uamuzi wa Novemba 2021, tunayo majira yanayofaa. Mwezi Novemba aliozaliwa Mnyampala ni mwezi wa mitihani ya kidato cha nne. Lakini juma lile la Julai lina nafasi. Kila shule imchague mwandishi mmoja mkongwe kila mwaka, imsome kwa mwaka mzima, na Julai itoe matunda ya usomaji huo.

Tatu, ngonjera zirudishiwe malumbano. Wanafunzi watunge ngonjera juu ya jambo lenye ubishi wa kweli: makazi ya pamoja au ya kutawanyika, shamba la zabibu au la mtama, mjini au kijijini. Kundi moja litetee upande mmoja na kundi la pili upande wa pili, na pasiwepo mtu aliyeandikiwa kushindwa. Kila upande ukusanye hoja zake kwa wazee wa mahali pale, kwa maana wazee hao bado wapo, na walioihama tembe mwaka 1971 wakiwa vijana sasa ni babu na bibi wa wanafunzi hawa. Kwa njia hii mwanafunzi atamtumia Mnyampala kama fundi anavyotumia chombo cha bwana wake wa kwanza, huku akikinoa upya.

Nne, kazi zilizotungwa zihifadhiwe. Ngonjera nyingi nzuri hutolewa mara moja uwanjani, kisha karatasi hutupwa pamoja na maua. Shule iwe na daftari moja kubwa, linakiliwe kwa mwandiko safi, liwekwe pamoja na vitabu. Mwaka wa tano au wa kumi daftari hilo litakuwa diwani, na huenda mmoja wa watungaji wake akawa ndiye atakayewasilisha mswada katika tuzo ya taifa. Hapo maana zote mbili za kutunza zitakuwa zimekutana.

Najua kwamba walimu wana mzigo mkubwa, madarasa yamejaa, na mtihani unangoja. Najua pia kwamba swali la mtihani mara nyingi huomba sifa nne za ngonjera, wala haliulizi kama ngonjera fulani imefaulu. Lakini mwanafunzi aliyewahi kutunga na kutetea upande wake hatapata taabu kutaja sifa hizo, kwa kuwa atakuwa amezitenda. Aliyekariri atazitaja leo na kuzisahau kesho.

Mnyampala alichagua kuandika kisa cha mrina asali, na urinaji wa asali ni kazi ya watu wa nchi hii. Mrina hasimami chini ya mbuyu akausifu mzinga. Hupanda, akavumilia moshi na miiba ya nyuki, akateremka na asali, na akiwa na busara huacha masega mengine ili nyuki wasihame. Waandishi wetu wakongwe wametuachia mizinga iliyojaa. Tumekwisha kuisifu vya kutosha. Sasa yatupasa tupande.